Toroli Kumi na Mbili katika Sekunde Tisini

Taarifa ya saa tatu usiku ilisomwa na Priska, nikajua kuna jambo. Zamu ilikuwa ya binti yangu, Yasinta. Saa mbili nilikuwa nimemwona mwenyewe kwenye televisheni, amevaa koti la bluu nililolipiga pasi mchana. Saa moja tu baadaye kiti ni kilekile, meza ni ileile, na anayetabasamu ni Priska.

Nilipiga simu ya Yasinta, haikupokelewa. Nikapiga tena. Nikajiambia labda tumbo, labda kizunguzungu, maana siku za zamu huwa hali kitu. Nilipunguza sauti ya televisheni, nikakaa nayo sebuleni hapa Kikuyu, Dodoma, mvua inapiga bati, nikangoja taarifa ya saa nne. Ikaja na Priska. Mtoto wa watu hana kosa lolote, lakini usiku ule nilimchukia.

Habari niliipata kwa wifi yangu Dorothea, dada wa marehemu mume wangu, aliyepiga kutoka Mlali, kule Kongwa. Dorothea hapigi simu kuuliza hali. Hupiga kukueleza hali yako ilivyo.

"Wifi, huyo mtoto wako alikuwa mzima?"

Nikamuuliza amefanya nini.

"Amemtaja mzee Chibehe kama anamtaja fundi baiskeli. 'Cornel Chibehe.' Basi. Hakuna Mheshimiwa, hakuna nini. Sisi huku tumekaa kikundi kizima, sare tumevaa, tunamsubiri mlezi wetu asomwe, halafu anasomwa uchi."

Nilimuuliza kama aliisikia habari iliyofuata, ya korongo kujaa maji na barabara kukatika. Akasema, korongo gani? Dorothea anaishi hatua mia nne kutoka kwenye korongo hilo. Kwa moyo wake wote alikuwa akisikiliza vyeo.

Yasinta alirudi saa tano kasorobo na bodaboda, ameloa. Hakulia. Alivua viatu, akakaa kwenye mkeka, akanieleza yote kwa ile kasi yake ya kazini, kana kwamba kuna mtu anamhesabia. Alikuwa ametolewa kwenye zamu. Mkurugenzi anamtaka asubuhi. Akaninyooshea mkono nimpe maji.

Ili mtu aelewe ukubwa wa kosa lake, lazima niieleze hiyo kazi, kwa sababu majirani zangu wanaidharau bila kuijua. Taarifa yenyewe inaitwa Habari Tisini. Ni sekunde tisini, mubashara, kila saa kamili, kuanzia saa kumi jioni, na kila msomaji ana zamu tano. Loisi, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, alishapiga hesabu yake kitambo.

"Dakika saba na nusu kwa siku," aliniambia. "Halafu anarudi amechoka. Mimi ugali wa watu wangu tu unanila nusu saa."

Nilimwambia akae dakika saba na nusu mbele ya mkoa mzima bila kukohoa, kisha aje tuzungumze habari za ugali.

Mimi nawapelekea chai na chapati pale kituoni kila asubuhi, mwaka wa saba sasa, tangu Yasinta hajaingia. Wapo wanaosema chapati zangu ndizo zilizomwingiza. Chapati zingekuwa na nguvu hiyo, asingekaa nyumbani miaka mitatu na cheti chake cha uandishi wa habari, akituma barua za maombi ambazo hata mbwa hakuzibwekea. Aliingia kwa sauti yake. Na kwa kuwa mimi nakaa pale korido na chupa zangu za chai, nimeona mengi ambayo watazamaji hawayaoni.

Wanaona koti. Hawaoni kwamba chini ya meza amevaa kandambili, kwa sababu viatu vya kisigino vinagonga na kipaza sauti kinadaka. Hawajui kwamba hanywi maji saa mbili kabla. Sikio la kushoto ana kidude ambacho Ludovick, msimamizi wa matangazo, anamsemea humo: "Hamsini zimebaki. Arobaini. Hiyo ruka. Ishirini." Mtu anasoma jina la waziri huku mwanamume mwingine anamhesabia namba ndani ya kichwa. Mashine ya kumwonyesha maandishi inaganda mara moja kwa wiki, na ikiganda anatakiwa kuinamia karatasi kama vile alikusudia. Kikohozi ni sekunde mbili. Kupiga chafya ni kifo. Salamu na kwaheri ni sekunde saba, mdhamini lazima atajwe kwa sekunde tano, na kinachobaki ndicho nchi itakachojua.

Ikifika sekunde ya tisini, kompyuta inakata yenyewe na kuleta matangazo ya biashara. Haingoji mtu amalize neno. Ludovick alijaribu mara moja kuomba irekebishwe, walau imsubiri msomaji afike kwenye nukta. Akaambiwa sekunde za matangazo zina wenyewe.

Mwanangu alibadilika. Akaanza kula haraka, kuomba dua haraka. Jumapili moja walimpa asome somo kanisani, akalimaliza watu hawajafungua Biblia, na mchungaji akabaki anamtazama akidhani kuna lingine. Mimi nilianza kumtazama mikono. Televisheni inaonyesha mpaka hapo juu ya meza, na nimejua kwamba dole gumba lake la kushoto likibonyeza karatasi, basi sikioni kuna matata. Majirani wanasema anapendeza. Mimi natazama dole gumba.

Alichukuliwa mwezi wa tisa kwa majaribio ya miezi sita, yeye na Priska. Pale kituoni wana desturi yao. Siku ya mwisho ya majaribio, mkurugenzi wao, Bwana Ambokile, humwita ofisini kwake anayemtaka, humpa barua ya ajira, wanashikana mikono, mlango unafunguliwa, watu wanapiga makofi korido. Asiyeitwa ndio ameelewa. Hakuna aliyewahi kuandikiwa barua ya kukataliwa, kwa sababu barua ya kukataliwa nayo inataka sahihi ya mtu.

Siku yao ilikuwa tarehe ishirini na nane mwezi wa pili. Usiku ule alioniletea koti lililoloa ulikuwa wa tarehe ishirini na sita.

Sasa nije kwa Chibehe. Huyu mzee aliwahi kuwa diwani muhula mmoja, akashindwa uliofuata, na tangu siku hiyo uheshimiwa umemganda kama kupe. Uhandisi aliupata aliponunua mashine ya kuchimba visima. Udokta alivishwa na chuo ambacho Yasinta alikitafuta siku nzima kwenye simu asikione. Ulezi, uenyekiti wa heshima, udhamini wa kwaya, hivyo vinakuja vyenyewe kwa mtu anayegawa vitenge. Na ananunua matangazo pale kituoni. Kwa hiyo kwenye ukuta wa studio, mkabala na msomaji, imebandikwa karatasi ya vyeo vyake kwa mpangilio, na kila baada ya miezi michache inabanduliwa na kubandikwa ndefu zaidi.

Nimevipima kwa saa ya simu yangu. Sekunde ishirini na mbili. Karibu robo ya habari za siku.

Jioni hiyo alikuwa amekabidhi toroli kumi na mbili kwa wavunaji wa zabibu kule Makutupora. Toroli ni kitu kizuri, silaumu toroli. Lakini kwa vyeo vile, kila toroli ilikuwa na sekunde zake mbili za sifa, na mvunaji hata mmoja hakutajwa. Taarifa ilipangwa hivyo: toroli kwanza, mkutano wa wafanyabiashara, basi. Dakika tatu kabla ya saa mbili ikaingia simu kutoka Kongwa. Korongo la njia ya Mlali limejaa ghafla, limefunika kivuko, magari yanayotoka mjini yasijaribu. Ludovick akamwambia sikioni, ipo ya korongo, ikikosa nafasi iache.

Ilihitaji sekunde kumi na nne, na nafasi hiyo haikuwepo isipokuwa kwenye vyeo. Yasinta akasema "Cornel Chibehe" kwa sekunde moja na nusu, akawapa watu korongo lao, akaaga, na sekunde zikabaki.

Ningependa kusema nilijivunia. Sikujivunia. Nilimwambia, "Siku mbili, Yasinta. Zilikuwa zimebaki siku mbili."

"Najua, Mama."

"Ungemeza mate ukasoma."

"Nilimeza," akasema. "Ndipo nikaona yale maji."

Asubuhi nilibeba chupa zangu nikaenda kama kawaida, ila nilikaanga chapati kumi za ziada, kwa woga tu. Bwana Ambokile alikuwa amesimama korido na simu mbili. Ni mtu mnene, mpole wa sura, anayeogopa kila mwenye gari kubwa kuliko lake. Kawaida huchukua chapati mbili, moja huila palepale, nyingine huifunga kwenye gazeti. Siku hiyo alichukua tatu, uso umemvimba kwa kukosa usingizi.

"Mama Yasinta," akasema, "mtoto amenipasua."

Nikamwomba radhi. Niliinama kidogo nikimwomba, mtu niliyemzidi umri, na mpaka leo nikikumbuka huo mgongo wangu nauonea aibu. Akanieleza kwamba Mzee hakulala, na watu wa Mzee hawakumwacha yeye alale. Wameafikiana kituo kisome radhi, kesho yake, tarehe ishirini na nane, kwenye taarifa ya saa kumi jioni, wakati Mzee atakuwa na wageni wake sebuleni. Na atakayeisoma ni Yasinta mwenyewe.

"Akiisoma vizuri?" nikauliza.

"Akiisoma vizuri, tutaona."

Nimeishi Dodoma miaka thelathini. Mji huu umejaa watu waliozeeka katika "tutaona", na bado nililisikia neno lile kama ahadi. Nilimwongeza chapati ya nne.

Radhi yenyewe Ambokile aliiandika kwa ufupi, mistari minne. Kisha akaituma kwa karani wa Chibehe, na karani akairudisha imenenepa. Ikaenda tena, ikarudi tena. Kila iliporudi kulikuwa na cheo kilichosahaulika. Halafu karani akatoa agizo la mwisho: vyeo vipandishwe kutoka kidogo hadi kikubwa, jina lenyewe lije mwisho kabisa, kama taji. Yasinta alikuja nayo nyumbani jioni ya tarehe ishirini na saba, tukaiweka juu ya meza ya jikoni kama kitu kilichooza.

"Uongozi na wafanyakazi wote wa kituo hiki, kwa unyenyekevu na majuto makubwa, wanaomba radhi kwa kutotambua ipasavyo hadhi ya Mlezi wa Vikundi vya Akina Mama, Mdhamini wa Kwaya, Mwenyekiti wa Heshima wa Wavunaji wa Zabibu..." Ilikwenda hivyo mpaka chini ya karatasi, ikageuka na nyuma.

Nikashika simu yangu nikabonyeza saa. Mara ya kwanza akasoma kwa sekunde sabini na moja. Mara ya tano, sitini na nne, na hapo alikuwa hapumui mpaka "Wavunaji". Maharage yakaungua, tukayaacha. Nilimwambia sitini na nne inatosha, toa salamu na mdhamini, zinabaki sekunde kumi na nne, aweke habari yoyote nyepesi, waone kwamba taarifa ipo.

"Nitaweka korongo," akasema.

Korongo lilikuwa bado linakwenda. Mvua zilikuwa zinanyesha milimani, na huku chini kila mchana madereva wanaona mchanga umekauka wanasema leo tutapita, na kila jioni maji yanashuka bila kupiga hodi. Nilimwambia aachane na korongo. Nikamwambia redio zitatangaza.

"Redio zinatusubiri sisi tutangaze, Mama. Wanachukua kwetu."

"Basi soma radhi kwanza, hayo mengine yafuate."

"Yakifuata yanakatwa. Unajua kompyuta ile."

Nilipandisha sauti. Nilimwambia kwamba miaka mitatu aliyokaa kitandani akitazama dari mimi ndiye niliyekuwa napita nje ya mlango nikimsikiliza kama anapumua, na sitaki kurudi kwenye korido ile. Kuna maneno mzazi huyaweka akiba asiyatumie, na mimi niliyatumia yote jioni moja. Yeye alisubiri nimalize. Ana tabia hiyo siku hizi, anajua mtu anaishia wapi.

"Wewe ndiye uliyenisimulia mkokoteni," akasema.

Nilikuwa na miaka tisa, Mlali, nimetumwa kuni. Mtu mmoja alikuwa anavuka korongo na mkokoteni wa ng'ombe wawili, mchanga mkavu kabisa, jua linawaka. Nilisikia sauti kama ya watu wengi wanakuja wakizungumza. Ng'ombe walisimama. Yule bwana akawapiga fimbo. Nilimsimulia Yasinta hadithi hiyo akiwa mdogo ili asichezee makorongo, sikumsimulia ili aje anishinde nayo.

Siku ya tarehe ishirini na nane sikuwa na sababu ya kuwepo pale mchana, lakini nilirudi. Nilijifanya nimesahau chupa. Zablon, mlinzi wa getini, aliniangalia mikononi, akaona chupa ninazo, akaniacha nipite.

Saa tisa Priska aliitwa ofisini. Mlango ukafungwa, ukafunguliwa, akatoka na bahasha, watu wakapiga makofi. Akaja kunisalimia, "Shikamoo mama," kwa sauti ndogo, bahasha ameificha nyuma. Nilimwitikia vizuri. Alikuwa na haki ya kufurahi, masikini, na mimi niliiharibu kwa kukaa pale tu.

Yasinta alikuwa tayari amevaa. Alimfuata Ludovick kwenye chumba chake cha mitambo, mlango uko wazi, nikasikia.

"Anza na korongo, radhi ifuate," akamwambia.

"Bosi amesema radhi kwanza."

"Radhi huwa mwisho wa taarifa. Siku zote. Tulipokosea matokeo ya mpira tuliomba mwisho."

Ludovick alipitisha kidole kwenye karatasi, mstari kwa mstari. Ni mtu wa kuhesabu, hasemi sana. "Umepima?"

"Tisini kamili."

"Haina hata pumzi."

"Nimeizoea."

Akabadilisha mpangilio. Sijui kama alifanya kwa ujasiri au kwa uchovu.

Dakika tano kabla ya saa kumi, Bwana Ambokile alitoka ofisini kwake akikimbia. Sijawahi kumwona akikimbia, tumbo lilikuwa linatangulia na kurudi. Karani alikuwa ametuma ujumbe: Mzee ameteuliwa asubuhi hiyo kuwa Balozi wa Hiari wa Usafi wa Mazingira na Mshauri wa Hiari wa Vijana, na lazima viingie. Alipita mbele yangu na kalamu mdomoni, akaingia studio, akainama juu ya meza ya mwanangu akaandika pembeni kwa mkono wake, akatoka akijifuta shingo. Hakuuliza ni sekunde ngapi. Mtu anayeendesha kituo kwa sekunde, hakuuliza.

Niliuliza mimi, moyoni. Nilivisoma kimyakimya mara mbili. Saba.

Taa nyekundu ikawaka juu ya mlango wa studio. Pale korido kuna televisheni ndogo, nikasimama chini yake, Ambokile kando yangu, simu sikioni, anamwambia mtu ndiyo Mheshimiwa, sasa hivi Mheshimiwa, ndiyo anaingia.

Yasinta akasalimu. Akasoma korongo. Alitaja kivuko, akataja saa ambazo maji yamekuwa yakishuka, akasema madereva wasidanganywe na mchanga mkavu mchana. Hakulikimbiza hata neno moja. Dole gumba lake lilikuwa limetulia juu ya karatasi, na hilo ndilo lililoniogopesha. Ambokile alishusha simu. "Mbona anaanza na maji?" akaninong'oneza, kama vile mimi ndiye niliyepanga.

Ndipo akaingia kwenye radhi. Akaisoma kwa heshima yote. Majuto makubwa yalikuwepo. Unyenyekevu ulikuwepo. Akapanda ngazi, mlezi, mdhamini, mwenyekiti, akafika pembeni palipoandikwa kwa kalamu, akasoma ubalozi wa hiari mzima, akasoma ushauri wa hiari mzima, akarudi kwenye mstari, "Dokta, Mhandisi, Mheshimiwa," akafungua mdomo kwa ajili ya taji.

Kompyuta ikakata. Ikaingia sumu ya panya. Lile tangazo la panya aliyelala chali, miguu juu, na wimbo wake.

Mtu mmoja kwenye chumba cha uhariri alianza kucheka akajifanya anakohoa. Simu ya Ambokile ilikuwa bado mkononi na ndani yake mlikuwa na sauti ya mtu anapiga kelele, ndogo sana, kama nzi ndani ya chupa. Aliiangalia simu. Akaniangalia mimi. Kisha akageuka akaingia ofisini kwake na kufunga mlango taratibu, kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa.

Taa nyekundu ikazimika, Yasinta akatoka na kandambili zake.

"Ulijua itakatwa?" nikamuuliza.

"Alipoongeza vile viwili, nilijua." Alikuwa anafungua vifungo vya koti. "Ningeweza kukimbiza korongo, nikapata zile saba. Nilipima."

"Na hukukimbiza."

"Hapana, Mama."

Tukakaa kwenye benchi la mbao mkabala na mlango wa mkurugenzi. Yeye alitaka kuondoka. Mimi ndiye niliyemshika mkono nikamkalisha. Nilimwambia makosa ni ya kalamu ya bosi, si yake, na mtu mwenye akili ataliona hilo akitulia. Nilimwambia siku haijaisha, barua zinatolewa mpaka jioni, aitwe akute hayupo? Nilisema mengi. Nilikuwa nimeshayaona yote kwa macho yangu, na bado mdomo ulikuwa unatengeneza matumaini wenyewe, kama cherehani iliyoachwa inakwenda bila kitambaa.

Ndani tulisikia simu ikiita, ikapokelewa. "Ndiyo Mheshimiwa." Halafu, "Hapana Mheshimiwa." Kiti kikaburuzwa. Kisha hatukusikia kitu.

Taarifa ya saa kumi na moja akasoma Priska. Alipita mbele yetu kwenda na kurudi akitazama chini. Ludovick alikuja kusimama karibu yetu kidogo, akasema simu zimeingia tatu za madereva wanauliza korongo, mmoja alikuwa ameshafika Kongwa na abiria akageuza. Nilimuuliza kama amemwambia mkurugenzi. Akasema amemwandikia ujumbe. Umejibiwa? Umesomwa, akasema, akarudi kwenye mitambo yake.

Nilingoja mlango ule kama ninavyotazama dole gumba. Nilitazama kitasa. Niliinama nikatazama upenyo wa chini, nikaona mwanga wa dirisha tu, hakuna kivuli cha miguu. Nikasema moyoni amekaa, anaandika. Mtu mzima, mwenye wafanyakazi arobaini, chapati zangu ziko tumboni mwake tangu asubuhi. Nilikataa kuamini kwamba anaweza kushindwa kufungua mlango na kumwambia msichana wa miaka ishirini na sita neno moja, hata kama neno lenyewe ni toka.

Saa kumi na mbili kasoro, Zablon alipanda kufunga madirisha, maana mawingu yalikuwa yamekusanyika tena. Alitukuta tumekaa.

"Mama, mnamngoja nani?"

"Mkurugenzi."

Zablon akatazama mlango, akatazama sakafu. Ni mtu wa heshima, hakutaka kuwa yeye wa kutuambia. "Mkurugenzi alitokea mlango wa nyuma wa ofisi," akasema. "Ule wa kuteremkia kwenye magari. Saa kumi na moja haijafika. Gari halipo."

Yasinta akainuka. Alichukua chupa mbili za chai kutoka kwenye kikapu changu, akaanza kushuka ngazi nazo, kandambili zinapiga.

Mimi nilibaki. Nilisogea nikashika kitasa, nikakisukuma chini. Kimefungwa kwa ufunguo. Nikagonga. Niligonga mara tatu, kwa nguvu, nikijua vizuri kwamba ndani hakuna mtu, kisha nikasimama wima nikangoja, muda uleule ambao mtu mwenye adabu humngojea mwenye nyumba aje kufungua. Zablon aligeukia madirisha, akaendelea kuyafunga.

Mlango haukufunguliwa.